Mmomonyoko Una Meno

Mikutano ya hadhara hapa Kahama haikosi mtu wa kusimama na kulalamikia "mmomonyoko wa maadili". Akishalitaja tu, macho hutugeukia sisi vijana. Eti nguo za wasichana, eti muziki, eti pesa za machimboni.

Mimi ninaota kuandika riwaya, kwa hiyo siwezi kuliacha neno lipite hivi hivi. Waingereza husema "erosion". Wareno, pamoja na majirani zetu wa Msumbiji wanaotumia lugha hiyo, husema "erosão". Yote mawili yametoka katika Kilatini, na shina lake ni kutafuna, kama afanyavyo panya. Neno lao lina meno, unaweza kuuliza: nani katafuna? Letu limeng'olewa. Udongo humomonyoka wenyewe tu, kama ukuta wa tope uliochoka, na hakuna wa kuulizwa.

Basi tuanze na udongo wenyewe, maana sisi wa Shinyanga umetutesa. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, Swynnerton akiongoza vita dhidi ya mbung'o, ilikusanya watu kufyeka mapori. Pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, wakaziacha ngitili zao, yale malisho ya akiba ya Wasukuma. Nchi ikabaki kipara. Haikumomonyoka yenyewe, bwana! Ilitafunwa, na mara nyingi kwa amri. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilikuwa hekta 600 hivi. Wananchi walipoachiwa kuzilinda kwa mila zao, kwa dagashida na sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Na maadili je? Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea viongozi miiko: wasiwe na hisa katika makampuni, wasipokee mishahara miwili, wasipangishe nyumba. Sasa mwiko haumomonyoki. Mwiko huvunjwa, na mvunjaji ana jina. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikailegeza miiko hiyo, kwa kikao na kwa uamuzi. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka watangaze mali zao. Kutoka kukatazwa mpaka kutangaza! Hapo hakuna msichana wa Kahama aliyehusika.

Wala lawama hizi kwa vijana si za leo. Januari 1969, miiko ikiwa bado mibichi, Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, ukawasaka Dar es Salaam wenye vimini, nywele za bandia na suruali za kubana. Wasichana waliosakwa wakati ule, leo ni mabibi.