Jukwaa, Mtu Mmoja na Pesa za Serikali

Wasomaji wangu, wiki hii nimezama kwenye kesi moja ya Marekani ambayo kila anayekula kwa kalamu au jukwaa angefaa aifahamu. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni!

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1980 mtaa wa East Village, New York, ulijaa wasanii wasio na kitu. Jengo lililokuwa shule likageuzwa ukumbi, P.S. 122, na Tim Miller alikuwa mmoja wa waanzilishi. Mtaa huohuo Holly Hughes alianzia WOW Café, ukumbi wa wanawake. Miller ni shoga, Hughes ni msagaji, na hawakujificha. Mchezo wa mtu mmoja uliwafaa kwa sababu hauhitaji kundi wala mapambo ya gharama. Unasimama, unasimulia maisha yako. Tena UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza rafiki zao. Nani angengoja asimuliwe na wengine?

Mwaka 1990 jopo la wasanii liliwapendekeza kwa ruzuku ya NEA, mfuko wa serikali wa sanaa, pamoja na John Fleck na Karen Finley. Mkuu wa mfuko, John Frohnmayer, akawakata wote wanne. Seneta Jesse Helms na wenzake walikuwa wamepiga kelele kuhusu pesa za walipa kodi. Watatu kati ya wanne walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Mwaka huohuo Bunge likaongeza sheria kwamba ruzuku izingatie maadili.

Wanne wakaenda mahakamani. Mwaka 1993 serikali ikakubali kuwalipa. Lakini kesi dhidi ya sheria yenyewe iliendelea hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1998 wakashindwa kwa kura 8 kwa 1. Wakati huo NEA ilikuwa imekwisha kuacha kumpa ruzuku karibu kila msanii binafsi.

Je, walinyamaza? Wapi! Mwaka 1999 Miller alipanda jukwaani na "Glory Box", kuhusu mpenzi wake wa Australia ambaye sheria ya uhamiaji haikumtambua. Sheria hiyo ilibaki hadi mwaka 2013.

Kilichonigusa ni hiki. Nilipoanza kazi, mhariri mmoja aliondoa habari yangu kwa sababu ingemuudhi mtangazaji wa biashara. Hakuna aliyesema nimekosea. Nilichojifunza kimya kimya ni kujikata mwenyewe kabla sijakatwa. Hapo ndipo naona ukubwa wa hawa watu: walikatwa pesa, ila hawakujikata ulimi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi naongeza: anaweza kufa bubu pia.

Unaweza usikubaliane na maisha yao. Lakini nikuulize, ndugu msomaji: hadithi yako wewe, nani ana mkasi wake?