Boethius Kifungoni: Kujua kwa Mungu na Hiari ya Mtu

Liko swali ambalo watu wameulizana tangu zamani, wenye elimu na wasio nayo. Ikiwa Mungu ajua tangu milele kila nitakalotenda, je, naweza kutenda jingine? Na kama siwezi, mwizi aadhibiwa kwa nini, na mtu mwema asifiwa kwa nini? Leo nitawasimulia habari za mtu aliyeliuliza swali hili kifungoni, akingojea kuuawa.

Jina lake Boethius, Mkristo wa ukoo bora wa Roma, aliyezaliwa karibu na mwaka 480. Siku zile Italia ilitawaliwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi. Mwaka 510 Boethius alipewa ukonsuli, cheo cha heshima kubwa. Na mwaka 522 wanawe wawili wakapewa cheo hicho pamoja. Kisha mzee mmoja wa baraza, jina lake Albinus, alishitakiwa kuwa amepatana kwa siri na Kaisari wa Constantinople. Boethius akasimama kumtetea. Naye akashitakiwa uhaini, akafungwa, akauawa karibu na mwaka 524.

Humo kifungoni aliandika kitabu cha sehemu tano. Ndani yake Hekima amjia kwa sura ya mwanamke, naye amlalamikia: Mungu atawala, mbona waovu wastawi na wema waonewa? Hekima amjibu kwamba wema ndio heri yenyewe. Basi mwovu aliyefanikiwa katika uovu wake amepotewa na kitu kikubwa kuliko alichokipata.

Ndipo lilipokuja swali la kujua. Kabla yake, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alikuwa amefundisha kwamba kama vile kukumbuka kwako hakuyalazimishi mambo yaliyopita, vivyo kujua kwa Mungu hakuyalazimishi yajayo. Boethius aliendelea mbele. Mungu, asema, hana jana wala kesho. Yote yako mbele yake kama sasa. Wewe waona jua likichomoza na mtu akitembea, yote mawili kwa mara moja. Jua lachomoza kwa lazima, mtu atembea kwa hiari yake. Wala kutazama kwako hakumsukumi mguu.

Lakini mashindano hayakuisha hapo. Maana Augustino alifundisha pia kwamba Mungu huwachagua watakaookoka, kwa neema tu. Na kuchagua si sawa na kutazama. Katika karne ya 16 Calvin alilishika fundisho hilo kwa nguvu katika mji wa Geneva. Huko Uholanzi Arminius akafundisha kwamba Mungu huwachagua wale ambao ajua tangu mbele kuwa wataamini. Mkutano wa Dordrecht, mwaka 1618 na 1619, uliwakataa wafuasi wake; hata hivyo Wakristo wengi baadaye, kama Wamethodisti wa John Wesley, walifuata njia iliyo karibu na yake.

Boethius hakufunguliwa. Lakini angalieni jinsi alivyomaliza kitabu chake. Hakusema, Nimeandikiwa, basi na iwe. Aliwahimiza wasomaji waukimbie uovu na waombe, kwa kuwa wanaishi mbele ya Hakimu aonaye yote. Naye aliyeandika hayo alikuwa chini ya hukumu ya hakimu asiyemwonea huruma.