Visima vya Kuyahoji Maji

Palipofunguliwa mjini Pittsburgh, katika nchi ya Marekani, tarehe 1 Desemba 1913, kituo cha petroli kilichojengwa makusudi ili magari yapate kuingia na kutoka bila ya kuziba njia, biashara ya mafuta ilipata sura ambayo baadaye ilienea katika miji yote ya nchi ile. Na kwa khofu ya moto, khofu iliyokuwa na haki yake, desturi ikawa kuyafukia matangi chini ya ardhi, mbali na cheche na mbali na macho. Lakini chuma kitupu kikifukiwa katika udongo wenye unyevu na chumvi huliwa na kutu, na tundu la kwanza aghalabu huwa dogo hata muuzaji asihisi upungufu katika daftari lake, ilhali matone, usiku na mchana, yanashuka kuyafuata maji.

Serikali ilichelewa mno. Bunge halikutunga sheria juu ya matangi hayo hadi mwaka 1984, kanuni zikafuata mwaka 1988, na wenye vituo wakapewa muhula hadi Desemba 1998 kuyatengeneza, kuyabadili au kuyafunga. Wengi walifunga. Tangu sheria ile kupita yamethibitishwa mavujo zaidi ya 500,000, na katika viwanja vilivyobaki vitupu ikazuka kazi ya kuchagua mahali pa kuchimba visima visivyokusudiwa kunywewa, bali kuyachunguza maji ya chini kama yamechafuka.

Msingi wa elimu hiyo ni Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa, aliyedhihirisha mwaka 1856, kwa kupitisha maji katika nguzo ya mchanga, ya kwamba mwendo wake hufuata mwinamo wa maji na tabia ya mchanga wenyewe. Kwa hiyo visima viwili havitoshi kuonyesha maji yanaelekea wapi. Vyatakiwa vitatu, visivyokaa katika mstari mmoja, na kimo cha mdomo wa kila kimoja kipimwe kwa uangalifu, kwani katika kiwanja kidogo tofauti ya kimo cha maji huenda ikawa inchi chache tu. Kisima chenyewe ni bomba la plastiki, aghalabu la upana wa inchi 2, lililochanjwa mianya myembamba sehemu ya chini na kuzungushiwa mchanga safi, na juu ya mchanga hutiwa udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa huvimba na kuzuia maji ya juu yasiteremke. Mianya haina budi ianzie juu ya uso wa maji na kuishia chini yake, maji yakipanda na yakishuka, kwa maana petroli huelea. Ikizama yote, petroli hubaki nje ya bomba, na kisima kikashuhudia uwongo.

Wenye viwanja hunung'unikia zaidi kisima cha upande maji yanakotoka, na kile cha mbali, upande yanakokwenda, kwa kuwa vyote viwili hutarajiwa kutoa maji safi. Mimi naviona vyenye thamani kuliko vyote. Cha kwanza huamua kama uchafu ni wa mwenye kiwanja au wa jirani. Cha pili huonyesha mpaka ambao uchafu haujauvuka, na bila ya mpaka huo hakuna awezaye kuwaambia wanaokunywa maji ya mbele kwamba wako salama.

Mji wa Santa Monica, California, ulipatwa na msiba wa uchafu kuyafikia maji ya kunywa mwaka 1996, ukalazimika kufunga visima vilivyokuwa vikiupa takriban nusu ya maji yake. Sababu haikuwa benzini, ambayo vijidudu vya udongoni huila na kuipunguza kabla haijafika mbali, bali MTBE, dawa iliyotiwa katika petroli ili iungue vizuri na hewa ya miji isafike. Nayo huyeyuka upesi, haiozi kwa wepesi, na husafiri karibu sawasawa na maji yenyewe. Fauka ya hayo, mvua inayozama ardhini njiani mwake huisukuma ikapita chini ya mianya iliyopangwa kwa kuitazamia petroli ielayo. Ndipo vikundi vya visima, pahala pamoja, kila kimoja na kina chake na mianya mifupi, vilipozidi kutakiwa. Na kisima kilichomaliza kazi hujazwa saruji tangu chini hadi mdomoni, kwani kikiachwa wazi uchafu hupata njia ya kushukia kwenye maji ambayo ulikuwa haujayafikia.