Kabla hujaambiwa giaboksi imekufa: jinsi ya kuchunguza gari la otomatiki la zamani

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ina kona nyingi na mwinuko mkali. Noah ya zamani iliyojaa abiria na magunia ya mchele ikianza kunguruma kwa nguvu huku haisogei, dereva huwa anajua atakachoambiwa kabla hajafika gereji: giaboksi imekufa, tafuta nyingine.

Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine kilichopungua ni lita moja ya oili, au kuna waya umekatika, au injini yenyewe ndiyo imechoka na giaboksi inasingiziwa. Lita moja ya oili mtu huilipa kwa mauzo ya siku moja. Giaboksi nzima inaweza kula fedha za mavuno, na kwa familia inayoishi kwa gari hilo, kukosea hapo ni jambo zito. Ndiyo maana makala hii imeandikwa kwa mwenye gari na dereva kwanza, fundi baadaye. Tunazungumzia hasa Toyota za miaka ya 1990 zenye gia nne na kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia: Noah ya zamani, Corolla, Carina na ndugu zao, kwa sababu ndizo bado zinabeba watu na mizigo vijijini.

Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini inakizungusha, oili iliyomo inasukuma upande wa pili, na gari linaondoka. Ndani ya giaboksi kuna sahani nyembamba za klachi zinazobanwa kwa mgandamizo wa oili hiyohiyo. Kwa hiyo oili hapa inafanya zaidi ya kulainisha: ndiyo inayosukuma gari, inayobana klachi na inayobeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Oili ikipungua au ikiungua, kila kitu kinapoteza nguvu kwa pamoja. Fundi anayetamka kwamba giaboksi imekufa kabla hajachomoa stiki ya oili hajaanza kazi.

Oili ndiyo shahidi wa kwanza

Stiki ya giaboksi haipimwi kama ya injini, na hapa watu wengi hukosea. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa. Ya giaboksi ya Toyota hizi hupimwa gari likiwa limeshatembea dakika kama ishirini, likiwa mahali tambarare, injini ikinguruma. Kanyaga breki, peleka mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L, ukipumzika kidogo kila nafasi, kisha rudisha P. Acha injini iendelee. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili inapaswa kufika kati ya alama mbili za HOT. Alama za COLD ni za kukisia tu gari likiwa la baridi.

Ikiwa chini ya alama, pampu inavuta hewa pamoja na oili, mgandamizo unashuka na gia zinateleza. Ikizidi sana, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu nalo halina nguvu ya kubana klachi. Kwa hiyo ukiongeza, ongeza kidogo kidogo na upime tena kila mara. Na kumbuka: giaboksi haichomi oili kama injini iliyochoka. Ikipungua, inavuja mahali. Tandaza boksi kuukuu chini ya gari usiku, asubuhi utaona doa liko wapi: kwenye gasketi ya sampo, kwenye mabomba yanayokwenda rejeta, au kwenye sili za shafti.

Sasa dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima ni nyekundu na inasambaa vizuri kwenye karatasi. Ya kahawia isiyo na harufu mbaya imezeeka tu. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, na inayoacha kitone cheusi katikati ya karatasi, imebeba vumbi la sahani za klachi. Hapo wasiwasi ni wa haki. Ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa bomba la kupozea oili hupita ndani ya rejeta lenyewe. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kilomita moja zaidi. Maji hulegeza gundi inayoshika bitana za klachi, na ukichelewa, tatizo la rejeta linageuka kuwa tatizo la giaboksi.

Aina ya oili si jambo la kukisia. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hutumia Dexron. Zilizofuata nyingi hutumia T-IV. Mara nyingi jina limeandikwa kwenye stiki yenyewe, kwa hiyo soma kabla hujaenda dukani. Hatari kubwa zaidi ni kwa magari ya CVT, ambayo hayana gia za kawaida bali mkanda wa chuma na puli mbili. IST nyingi za kizazi cha pili, kilichoanza 2007, ni za CVT. Ukiimiminia oili nyekundu ya kawaida kwa sababu jirani mwenye IST ya zamani alifanya hivyo, mkanda utateleza na kuharibika. Magari mawili yanaweza kuwa na jina moja nyuma na giaboksi tofauti kabisa ndani.

Simu yako inaweza kupima

Simu ya tochi yenye saa ya kuhesabu sekunde inatosha. Gari likiwa limepata moto, liweke tambarare, funga breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu na usiguse pedali ya mafuta. Mwenzako ashike simu. Toa mkono wa gia kutoka N kwenda D. Ahesabu tangu mkono uguse D mpaka muusikie mshtuko mdogo wa gia kushika. Kipimo cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R ni chini ya sekunde 1.5. Rudieni mara tatu, mkipumzika dakika moja kila mara, kisha chukueni wastani.

Kidole cha mtu hakina usahihi wa maabara, lakini hakuna atakayechanganya sekunde moja na tatu. D ikichelewa huku R iko sawa, klachi ya kwendea mbele imelika au sili zake zinapitisha oili. R ikichelewa peke yake, tatizo liko kwenye klachi au breki za ndani zinazohusika na kurudi nyuma. Zote zikichelewa, tazama kitu kinachozilisha zote: kiwango cha oili, chujio lililoziba, au pampu. Gari likichelewa kushika asubuhi tu, kisha mchana kutwa liko sawa, mara nyingi oili ilishuka kutoka toki konveta usiku au sili zimekuwa ngumu kwa uzee. Linaloteleza likipata moto ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na hufichua kila sili iliyolika.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi hupenda: kufunga breki zote, kuweka D, na kukanyaga mafuta mpaka mwisho ili kuona injini inafika mizunguko mingapi. Kisizidi sekunde tano, na watu wasisimame mbele wala nyuma ya gari. Kwa maoni yangu mwenye gari asikifanye mwenyewe. Kwenye giaboksi iliyochoka, sekunde hizo zinatosha kuimaliza.

Likiondoka kwa uvivu kwenye D, jaribu L

Jaribio hili ni rahisi, na linaokoa fedha nyingi kuliko mengine yote. Giaboksi hizi huchaguliwa gia na kompyuta kwa kutumia solenoidi, vali ndogo za umeme. Umeme wa solenoidi ukikatika wote, giaboksi nyingi za Toyota za aina hii hazifi. Hubaki na gia zinazotegemea mkono wako. Kwenye D inaingia gia ya nne moja kwa moja, kwenye 2 inaingia ya tatu, kwenye L inaingia ya kwanza.

Kwa dereva, gari la namna hiyo linaonekana limekufa. Unaweka D, linaondoka kama ng'ombe anayeburutwa, na mlima mdogo unalishinda. Ukiweka L, linaruka vizuri. Klachi zilizoungua haziwezi kufanya hivyo. Likiondoka kwa nguvu kwenye L, likaendelea vizuri kwenye 2, na D likabaki zito, tafuta waya uliokatika, plagi ya waya iliyoingia maji, fyuzi, au panya aliyejenga chini ya boneti. Magari mengi yanayolala nje karibu na ghala yana historia ya panya.

Kompyuta nayo huacha ushahidi. Ukiona taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inapepesa yenyewe, imekariri kosa. Fundi huunganisha tundu za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, huwasha swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kikiwa kimebonyezwa ndani, kisha huhesabu mapepesuko. Sita, mapumziko, kisha mawili ni 62. Namba 42 na 61 ni sensa za mwendo. 62 na 63 ni solenoidi za kubadili gia. 64 ni solenoidi ya kufunga toki konveta. Taa ikipepesa mfululizo kwa haraka bila mapumziko, hakuna kosa lililorekodiwa. Usichomoe betri kabla ya kusoma, kumbukumbu itafutika. Na kuunganisha tundu zisizo zake kunaweza kuunguza kompyuta, kwa hiyo mwachie anayejua.

Kwenye Toyota nyingi za wakati huo kuna pia waya wa chuma unaotoka kwenye injini, pale pedali ya mafuta inapovuta, kwenda kwenye giaboksi. Unaiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, ili iongeze mgandamizo. Ukilegea, gia hubadilika mapema na klachi huteleza chini ya mzigo. Ukikaza sana, gia huchelewa na kugonga. Pedali ikikanyagwa mpaka mwisho, kizuizi kilichobanwa kwenye waya kinapaswa kuwa milimita 0 hadi 1 kutoka kwenye mdomo wa ala yake. Waya huu huguswa mara nyingi injini inapobadilishwa, na gari lililotoka gereji jana likiwa na gia za ajabu, mtazame yeye kwanza.

Wanaosingizia giaboksi

Mlio wa "tuk" kila unapoweka D au R mara nyingi ni mauntingi iliyokatika au kros ya propela shafti iliyolika. Mtu afungue boneti, akae pembeni, nawe ukiwa umekanyaga breki ubadili D na R: injini ikiinuka na kuanguka, umeipata. Gari linalokosa nguvu kila gia, huku mizunguko ya injini haipandi, lina shida ya injini: chujio la mafuta, plagi, koili. Giaboksi inayoteleza hufanya kinyume chake, yaani injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki.

Mtetemeko wa mwendo wa kati, kama unapita juu ya matuta madogo, husumbua hata mafundi. Ukiwa barabara nyoofu isiyo na gari nyuma, shika mwendo huo, kisha gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa tu, mguu wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Kompyuta ikipata habari ya breki hufungulia toki konveta. Mtetemeko ukikata papo hapo, uko kwenye toki konveta au oili yake. Ukiendelea, ni injini inayomisi, au tairi.

Ikiwa kweli imekwisha

Oili imeungua, gia zinateleza moto na baridi, na sampo likifunguliwa lina vipande vya chuma. Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku za sampo ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Hapo kubadilisha oili hakutaiponya, na mara nyingine huimaliza, kwa sababu lile vumbi ndani ya oili chafu ndilo lililokuwa linazipa klachi mshiko wa mwisho.

Usikubali gari livutwe na trekta likiwa na magurudumu yote chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu haifanyi kazi, na giaboksi inazunguka bila oili. Kwa Noah ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, fungua propela shafti kwanza.

Ukinunua giaboksi ya mtumba, linganisha namba kwenye kibati chini ya boneti na hesabu pini za plagi ya waya kabla ya kulipa. Dai ioneshwe oili iliyomo. Mabomba na rejeta visafishwe, maana chuma cha giaboksi ya kwanza kimelala humo kikisubiri ya pili. Fundi aoneshe kwamba toki konveta imeingia mpaka mwisho kabla ya kukaza boti. Ikibaki nje kidogo na boti zikalazimishwa, pampu hupasuka siku hiyohiyo, na muuzaji atasema uliipokea nzima.