Filamu za Simba wa Tsavo

Filamu za simba wa Tsavo zimetokana na mkasa uliosimuliwa na John Henry Patterson katika kitabu chake cha 1907, The Man-Eaters of Tsavo. Patterson alifika Tsavo, katika Kenya ya leo, Machi 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la Reli ya Uganda. Kwa miezi kadhaa simba dume wawili walikuwa wakiwatoa vibarua hemani usiku na kuwala, hadi alipowaua wote Desemba mwaka huohuo. Hata leo, upande wa Kishushe, kaunti ya Taita Taveta, jirani na Hifadhi ya Tsavo Magharibi, simba kuingia zizini si habari ya kale.

Bwana Devil (1952) ya Arch Oboler ilipigwa California. Wahakiki waliiponda, lakini watu walijazana sinema wakiwa na miwani maalumu, kwa kuwa ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani yenye rangi iliyowaonyesha simba kana kwamba wanaruka kutoka kwenye pazia.

Inayojulikana zaidi ni The Ghost and the Darkness (1996) ya Stephen Hopkins, iliyopigwa Afrika Kusini. Val Kilmer ni Patterson. Michael Douglas ni Remington, mwindaji ambaye kitabuni hayumo kabisa. Ilipata Oscar ya uhariri wa sauti za matukio, na kwa haki: ngurumo zile gizani zinatisha kweli. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, hakuisamehe. Aliona hata filamu za Tarzan zina uhalisia kuliko hii. Mwandishi wa mswada, William Goldman, naye alilalamika baadaye kwamba Remington alipoteza fumbo lake.

Anayewajua simba wa Tsavo ataona kasoro upesi. Madume wengi wa huko hawana manyoya marefu shingoni, na wale wawili waliopo Field Museum, Chicago, hawana kabisa. Wa kwenye filamu wana manyoya tele. Idadi ya waliouawa nayo ina utata: Patterson alikuja kutaja watu 135, ilhali utafiti wa 2009 uliopima kemia ya mifupa na nywele za simba hao ulikadiria 35 hivi.

Kubwa zaidi ni pango. Filamu inalionyesha limejaa mifupa ya watu, ithibati kwamba simba waliua kwa kupenda tu. Patterson aliandika kweli juu ya pango la namna hiyo, akataja bangili za shaba kama walizovaa wenyeji. Lakini Wataita wa zamani walifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda na kuyapanga kwa heshima mapangoni na chini ya majabali. Aliyelelewa katika milima ya Taita ana haki ya kuuliza kama mifupa ile ilikuwa mabaki ya mlo au maziko ya watu, na filamu haimpi nafasi ya kuuliza. Mwafrika mwenye sauti kubwa humo ni Samuel, msimulizi, aliyeigizwa na John Kani wa Afrika Kusini. Naye haulizwi mifupa ni ya nani.