Maji ya Tana, Jua la Karamugi

Eti fizikia ya kwanta ilimzika Newton. Maneno hayo niliyasikia sana chuoni kabla sijaacha masomo, na ni uongo mtamu. Ukitaka kuuona uongo wenyewe, nenda Embu na Meru.

Anza na mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha stima mwaka 1968, Kamburu likafuata 1974, kisha Gitaru 1978, ambalo leo lina uwezo wa megawati 225. Hesabu yake ni Newton mtupu: uzito wa maji na kimo yanakoangukia. Teremsha kidogo upate kidogo, teremsha mengi upate mengi.

Lakini nyaya nyingi zilielekea Nairobi, wakulima wa kahawa na chai wakabaki na koroboi. Ndipo mwaka 1984 Karamugi, shule ya harambee katika wilaya ya Meru ya wakati huo, ikapata taa za sola badala ya kutegemea jenereta. Waliosukuma jambo hilo ni Wamarekani wawili, mwalimu Mark Hankins na mhandisi Harold Burris. Wakafunza mafundi wa hapo hapo, na biashara ikasambaa vijijini.

Kwenye paneli, mantiki ya bwawa inagoma. Iweke karibu na pasi ya moto: joto utalihisi mkononi, stima huoni. Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba mwanga huja kwa vifurushi. Kifurushi kidogo mno hakimng'oi elektroni ndani ya silikoni, hata vikija milioni.

Ukubwa wa kifurushi unatokana na namba ya Planck ya mwaka 1900, na namba hiyo ni nishati mara muda. Kipimo hicho si kigeni. Wanahesabu wa umakanika walikitumia tangu karne ya 18. Miaka ya 1830, Hamilton wa Dublin aliuandika upya umakanika wa Newton akianzia na nishati yote ya mfumo, akaonyesha pia kuwa njia ya kitu kinachosonga hufanana kihesabu na miale ya mwanga. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1926, Schrödinger akaichukua fomula hiyo ya nishati na kuitumia kwa wimbi. Herufi H kwenye mlinganyo wake bado ni ya Hamilton. Na ukiupeleka mlinganyo huo kwa tone la maji linaloanguka Gitaru, unakupa majibu ya Newton, na tofauti ni ndogo kuliko chombo chochote kinavyoweza kupima.