Vifo Vilivyofundisha Kufuga Bahari

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alirudi London kutoka pwani ya Torquay na matumbawe madogo aliyoyashona kwenye sponji kwa sindano na uzi, yasije yakaumia njiani. Maji mapya ya bahari yalipoadimika, mtumishi wake alisimama penye dirisha lililo wazi akiyamimina maji yale yale chombo hadi chombo ili yapate hewa. Mwaka uliofuata Thynne aliongeza mwani. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka 3, tena yakazaana.

Wakati huo huo Robert Warington, mwanakemia wa jijini humo, alikuwa akichunguza maji yasiyo na chumvi. Aliweka samaki wawili pamoja na mimea ya majini. Majani yalipooza na kuyachafua maji, akatia konokono, nao wakayala. Alitangaza matokeo yake mwaka 1850, akieleza kwamba mimea na wanyama hutegemeana.

Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo tangi halikuwa tena anasa ya wachache. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu ufugaji huo. Watu wakamiminika pwani na vikapu, wakang'oa anemoni na konokono miambani.

Wengi walifuga vifo. Anemoni mmoja akifa usiku bila kuonekana, mwili wake huoza, oksijeni hupungua, amonia hupanda, na wenzake humfuata. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1860 matangi mengi yalikuwa yameachwa.

William Alford Lloyd, aliyekuwa na duka la viumbe wa majini London, hakukata tamaa. Katika akwaria ya Crystal Palace, iliyofunguliwa mwaka 1871, alihifadhi sehemu kubwa ya maji chini, gizani, na pampu zikayazungusha mchana na usiku. Kwa wingi huo wa maji, kifo cha mnyama mmoja hakikuweza kuwaangamiza wote.

Lakini ni nani aliyekuwa akiyasafisha maji hayo? Jibu lilitoka shambani, na sehemu yake ilitoka kwa mtoto wa Warington yule yule, ambaye pia aliitwa Robert. Akichunguza udongo katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, alionyesha kwamba amonia hugeuzwa kwa hatua mbili, kwanza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kwamba kila hatua ina vijidudu vyake. Sergei Winogradsky alifanikiwa kuvitenga vijidudu hivyo kuanzia mwaka 1890. Baba aliona konokono wakisafisha; mwana akawafuatilia wasafishaji wasioonekana kwa macho.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza katika jarida la wafugaji jinsi alivyotunza matumbawe kwa mwanga wa jua, viputo vya hewa na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake. Mawe hayo, ambayo wafugaji sasa huyaita mawe hai, ndiyo makazi ya bakteria wanaoila amonia.

Ndiyo maana anayeamka leo akakuta tangi lake limekufa asikimbilie kuosha kila kitu kwa maji ya bomba, maana atawaua na bakteria waliosalia. Aondoe maiti zote, abadilishe sehemu kubwa ya maji kwa maji mapya ya chumvi yenye joto na uchumvi ule ule, aongeze hewa, kisha apime amonia na nitriti kila siku. Na asinunue samaki wala tumbawe hata moja mpaka vipimo vyote viwili vishuke hadi sifuri na kubaki hapo.